Wembe Kwenye Mdomo wa Shaba

Chwele, Bungoma
11 Aprili 2005

Mama,

Wembe, kwa maana ya fundi wa chuma, si kile kifaa cha kunyolea. Ni ukingo mwembamba, mkali, usiokusudiwa, unaobaki pale chombo cha kukatia kinapotokea upande wa pili wa kitu kinachokatwa. Si sehemu ya kitu hicho, kwa kuwa hakuna aliyeuchora; wala si taka, kwa kuwa bado umeshikamana nacho. Fundi anayeuacha hajamaliza kukata, hata kama kipande kimekwisha kuanguka sakafuni.

Nimetanguliza neno hili kabla ya salamu, na mama yako, aliyekuwa akisoma nyuma ya bega langu, ameuliza, "Sasa wewe Wakoli, unaandikia mtoto barua ama unampatia mtihani?" Basi nakusalimu, wewe uliyebeba jina la mama yangu Nakhungu. Sisi ni wazima. Uvimbe wa mguu wa mama yako umepungua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Natumaini kifua chako kimezoea baridi ya Kitale, na kwamba huko maabara bado hawakuachii zamu za watu wengine.

Siku ya Pasaka uliniuliza mezani ni chombo gani kinachofaa kupunguzia urefu wa maganda ya risasi na kuyatoa wembe. Niliweka kijiko chini nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Sababu unaijua. Baba yako mdogo Mukhisa alipigwa risasi na wezi wa mifugo kule Tongaren akiwa ameushikilia mlango wa zizi, na tangu tulipomzika bunduki haijatajwa katika nyumba yangu. Kwamba binti yangu amejiunga na klabu ya kulenga shabaha ni jambo ambalo sijalikubali, na barua hii haimaanishi kwamba nimelikubali.

Hata hivyo nimeichunguza hoja yangu nikaona ina ufa. Nilidhani nikinyamaza mikono yangu itabaki safi. Lakini kunyamaza kwangu hakukufanyi uache. Kunakufanya utumie chombo kibaya. Usafi wa mikono yangu utalipiwa na vidole vyako. Kwa hiyo nitajibu, kwa sharti kwamba tutazungumza juu ya shaba na urefu wake tu, si juu ya kinachowekwa ndani yake. Nieleze: ganda linakatwa kwa nini, na huyo mwenye klabu ana vyombo gani? Andika, usipige simu. Simu haichukui michoro.

Ni mimi baba yako,
Wakoli Barasa

*

Kitale
24 Aprili 2005

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena nikiwa nimeketi. Mimi ni mzima na kifua kimetulia. Mwambie Mama asiuweke ule mguu kwenye maji ya moto kupita kiasi. Najua anafanya hivyo nikiwa sipo.

Nianze na uhalali, kwa sababu najua ndilo swali ambalo hukuliuliza. Klabu imesajiliwa. Mwenye kibali cha kujaza upya maganda yaliyotumika ni Mzee Ngari, mkulima wa mahindi na maziwa anayeishi nje kidogo ya mji. Kila kitu hukaa kwenye kabati lake la chuma, na mimi hufanya kazi kwenye meza yake, naye akiwepo, Jumamosi alasiri. Sibebi chochote kwenda nyumbani. Nilipomweleza habari zako alisema, "Ebu ambia baba yako hapa hatuui mtu. Hapa tunaua karatasi, na hata hiyo karatasi mara nyingi inatoroka!"

Sasa swali lako. Ganda la shaba likishatumika hupanuka. Ili litumike tena hupitishwa kwenye kalibu inayolibana lirudi unene wake wa kwanza, na shaba iliyobanwa haina pa kwenda ila mbele, kwenye shingo. Kwa hiyo kila mara linakuwa refu kidogo. Likizidi kipimo, mdomo wake hugonga mwisho wa chemba ya bunduki na kukikaba kichwa cha risasi, na nguvu inayopaswa kutoka mbele inaweza kurudi kwa aliyeshika. Ndiyo sababu tunakata, na ndiyo sababu nilikuuliza wewe.

Mzee Ngari amekata kwa tupa na jicho miaka yote. Macho yake sasa yamechoka. Ameamua klabu inunue chombo, na amenipa mimi jukumu la kuchagua kati ya viwili. Cha kwanza ni kimashine cha mkono kinachofungwa kwenye meza: unalaza ganda, unazungusha mpini, na kipimo unakirekebisha kwa skrubu, hivyo kinafaa ganda la aina yoyote. Cha pili ni kidogo kama kalamu: kikataji chenye pini mbele yake. Pini inaingia ndani ya ganda mpaka ikomee kwenye kitako, na hapo kisu kinaacha kukata. Hakina skrubu. Kila aina ya ganda inahitaji pini yake. Kwa wembe kuna kifaa chenye ncha mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje. Nimevichora vyote nyuma ya karatasi hii. Usicheke mistari yangu.

Mwanao akupendaye,
Nakhungu

*

Chwele, Bungoma
3 Mei 2005

Mama,

Habari za siku nyingi za huko? Hapa mvua imetushika vizuri na mahindi yamefika magotini. Mama yako anakanusha habari ya maji ya moto, lakini amekanusha upesi mno.

Michoro yako sikuicheka. Umesahau tu kwamba mstari wa katikati huchorwa kwa vipande.

Vyombo vya kupimia na kukatia ni vya namna mbili: kinachouliza na kinachokumbuka. Kile cha skrubu kinauliza. Kila unapoketi kinakuuliza, "Leo ni urefu gani?" na usahihi wa jibu unategemea kama umelala vizuri, kama umegombana na mtu, kama skrubu imelegea tangu wiki jana. Kile cha pini kinakumbuka. Aliyekata pini alifikiri mara moja kwa niaba ya wote watakaofuata, nawe huwezi kukosea kwa uchovu. Mtu anayehudumia maganda ya aina nyingi angehitaji kile cha kwanza. Wewe unahudumia aina moja, kwenye meza ya watu wengi, na macho mengine yamechoka. Chagua pini. Lakini pini nayo huisha, kwa hiyo pima ganda moja kwa kalipa, ile rula yenye taya mbili, kila unapoanza kazi, na usiiamini kalipa ambayo hujaifunga na kuisoma sifuri.

Kuhusu wembe: tumia zile ncha mbili, nje kwanza, kisha ndani. Fanya nilivyowafundisha vijana wangu wa mabomba miaka yote. Zungusha mpaka ukucha upite bila kukwama, kisha ongeza mizunguko kadhaa ili mdomo ufunguke. Wembe ulioachwa ndani ya bomba huiba maji ya kijiji kizima. Chuma ni chuma.

Ni mimi baba yako,
Wakoli Barasa

*

Kitale
12 Juni 2005

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa kimya. Nilichelewa kwa sababu sikujua niandike vipi.

Chombo cha pini kilinunuliwa na kinafanya kazi kama ulivyosema. Kila ganda linatoka sawa na mwenzake, na Mzee Ngari amekipa jina: anakiita Mwalimu. "Leta Mwalimu," anasema, "huyu hataki mchezo."

Tatizo limetokea kwenye wembe. Nilifuata maagizo yako neno kwa neno. Jumamosi iliyopita tulipofyatua, maganda mengi niliyoyaandaa yalipasuka mdomoni, nyufa ndogo kama za kikombe cha chai kilichogongwa. Hakuna aliyeumia. Narudia, Baba: hakuna aliyeumia. Lakini Mzee Ngari alisimamisha kila kitu, akachukua ganda moja ambalo halijafyatuliwa, akapitisha kidole gumba mdomoni, na kidole kikatoka damu.

"Nani amekufunza hii?" akauliza. "Fundi wa mifereji?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni baba yangu."

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Basi mwambie huyo fundi hii si maji, bana. Hii ni nyembamba kama karatasi." Hakusema kwa dharau. Alifunga kidole kwa leso akaendelea kuyatenga maganda, mazuri huku, mabaya kule.

Baba, sikuandikii kukulaumu. Ningeweza kufikiri mwenyewe; kwenye darubini naona kila siku jinsi kitu chembamba kisivyotendewa kama kitu kinene. Edah, binti ya jirani yenu, huja na pikapu kutoka soko la Chwele kila wiki. Nikuletee maganda machache kwa mkono wake ili uyaone?

Mwanao,
Nakhungu

*

Chwele, Bungoma
20 Juni 2005

Mama,

Mshukuru Mungu kwa niaba yangu, maana mimi leo maneno yangu kwake hayaendi vizuri. Mama yako anakusalimu. Amesoma barua yako na hajanitania hata kidogo, jambo ambalo ni adhabu kubwa zaidi.

Kwanza: usimpe Edah hata ganda moja. Barabara ile ina vizuizi, na askari akilikuta ganda la risasi kwenye gunia la vitunguu hatasubiri kusikia nadharia yangu ya wembe. Kile kilicho halali kwenye kabati la Mzee Ngari si halali kwenye pikapu ya Edah.

Pili, kosa. Niliandika kwamba chuma ni chuma. Hiyo ni sentensi ya mtu aliyeacha kufikiri na bado anaongea. Ukuta wa bomba la maji ni mnene. Ukiondoa kingi ndani, unabaki na kingi. Mdomo wa ganda hauna akiba hiyo. Mizunguko niliyokuongezea haikuondoa wembe, iliutengeneza. Nilikufundisha kugeuza mdomo mzima kuwa kile kile nilichokufafanulia kwa majivuno katika barua yangu ya kwanza.

Jana nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu sokoni nikanunua kipande cha bomba jembamba la shaba, la jiko la mafuta taa. Nilikata vipande, nikatoa wembe kwa viwango mbalimbali, kisha nikavipanua kwa kigingi cha chuma mpaka vipasuke. Matokeo ni haya. Kilichoguswa kidogo tu, kiasi cha kuvunja ule ukali na kuacha unene wa mdomo karibu wote, kilivumilia kuliko hata kile ambacho sikukigusa, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye wembe. Kile cha mizunguko mingi kilipasuka cha kwanza. Kwa hiyo: gusa, usichonge. Mdomo ukiutazama kwa juu uonyeshe pete ya shaba, bapa, si mstari. Usipoiona pete, litupe ganda hilo. Na umwonyeshe Mzee Ngari barua hii kabla ya kufanya lolote. Anaijua shaba kuliko mimi.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nimeshika ganda la risasi mara moja tu. Asubuhi ile kule Tongaren nilikuwa wa kwanza kuliona kwenye matope ya zizi. Nililiokota, nikafanya ambacho mkono wangu hufanya kwa kila kitu kilichokatwa: nikapitisha kidole mdomoni. Lilikuwa limetolewa wembe vizuri sana. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameifanya kazi yake barabara. Kisha askari akaja akalichukua.

Ni mimi baba yako,
Wakoli Barasa

*

Kitale
17 Julai 2005

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mko salama na kwamba palizi ya pili imekwisha.

Barua yako nilimsomea Mzee Ngari mezani kwake. Nilipofika kwenye bomba la jiko aliniambia nirudie. Kisha akasema, "Huyo mzee ni mtu. Mimi nikikosea nanyamaza mpaka watu wasahau." Sehemu ya mwisho sikumsomea. Hiyo ni yetu.

Pete inaonekana. Hakuna ganda lililopasuka tena. Sasa nina habari ambayo sikujua niifurahie kwa sauti kiasi gani: klabu imenichagua niiwakilishe kwenye mashindano ya wilaya, hapa hapa Kitale, Jumamosi tarehe 27 Agosti. Mimi ndiye mwanamke pekee. Kiplagat, ambaye amekuwa akiiwakilisha klabu kabla yangu, alisema mbele ya wote, "Dada, ukishinda mimi nahamia mchezo wa bao."

Baba, acha nikueleze kwa nini napenda, kwa kuwa hujaniuliza. Ninapolala pale chini, pumzi inatulia, na kwa muda mfupi kila kitu kiko mahali pake. Sijawahi kuona hilo popote ila kwenye benchi lako la kazi nilipokuwa mdogo, ukipiga tupa bila kuongea. Nikiwa pale sioni mtu mbele yangu. Naona karatasi.

Lakini tangu barua yako ya Juni, kila ninapopitisha kidole kwenye mdomo wa ganda namwona Baba mdogo Mukhisa. Sitaki kupata kitu ambacho kitakaa kati yetu. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi. Ukisema niache, nitaacha, na sitakununia. Ukisema niendelee, nakuomba uje unione. Sema neno moja tu.

Mwanao,
Nakhungu

*

Kitale
21 Agosti 2005

Baba,

Shikamoo. Nimempigia Mama. Nilidhani labda barua yangu ilipotea. Alisema, "Haijapotea. Yuko nayo mfukoni. Anaandika, anachana, anaandika, anachana. Karatasi zote za hii nyumba nimewashia jiko." Nilimwomba akupe simu, akasema umetoka kwenda kwenye ng'ombe.

Siwezi kukisoma kimya chako kama ndiyo, wala kama hapana. Nitaingia uwanjani Jumamosi kwa kuwa sijaambiwa nisiingie. Ningependa kuingia kwa sababu bora kuliko hiyo.

Kula vizuri.

Mwanao,
Nakhungu

*

Chwele, Bungoma
12 Septemba 2005

Mama,

Nakusalimu kwa upendo wote, na safari hii salamu zimetangulia. Mguu wa mama yako umepona. Mimi pia ni mzima, isipokuwa aibu.

Nilikuwepo.

Jumamosi ile nilimwambia mama yako naenda Kitale kutafuta tupa ya nusu duara. Alinitazama, akanikunjia chapati kwenye gazeti, akasema, "Ukiiona hiyo tupa, isalimie." Nilifika uwanjani mkiwa mmekwisha kuanza. Sikuingia. Nilisimama nje ya seng'enge, karibu na mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma aitwaye Sellah. Alinipa ndoo niketi.

"Mzee, umekuja kuona ama kusikia?"

"Kusikia."

"Kusikia hata ungebaki kwenu, bana. Hii kelele inafika Suam."

Nilijaribu kutambua mlio wako kati ya mingine. Sikuweza. Nilidhani mtu anayemjua mwanawe angeweza, nikakasirika na masikio yangu. Kisha mliamriwa msimamishe kufyatua, mkaenda kuangalia shabaha, na wewe ukarudi umebeba karatasi yako. Uliinyanyua kwenye mwanga, ukainamisha kichwa upande wa kushoto, kama mama yangu alivyokuwa akikagua chekecheke kabla ya kulilipia. Kwenye uso wako hapakuwa na ukali wowote. Palikuwa na uangalifu tu. Sellah akasema, "Huyo dada ndiye anawanyoa leo. Unamjua?" Nikamwambia, "Nilimfundisha kidogo." Akaniambia, "Basi ulifundisha vizuri, kula mahindi." Nilikula. Halafu nikaondoka kabla hujageuka, kwa kuwa sikuwa nimeamua neno la kukupa, na sikutaka uso wangu ukupe moja kwa haraka.

Uliomba neno moja. Nimelitafuta kwa uaminifu na sikulipata. Siwezi kusema acha: ningekuwa nakunyima kitu kilichotulia na chema kwa sababu ya watu ambao hukuwajua na tendo ambalo hukulitenda. Siwezi kusema endelea: ningekuwa nadai kwamba nimemaliza kumzika mdogo wangu, nami sijamaliza. Ninachoweza kusema ni hiki. Usiache kwa ajili yangu. Na mwezi wa kumi, ukipata likizo, njoo nyumbani uweke karatasi ile mezani, palepale nilipoweka kijiko chini. Bunduki itatajwa. Nikiinuka, mama yako ameahidi kufunga mlango kwa ufunguo. Mwalike Mzee Ngari pia, kama barabara haitamchosha. Nina deni la kidole chake.

Utakuja na hoja yako, nami naijua: kwamba wewe unatoboa karatasi. Ni hoja nzuri na sina ya kuiangusha. Yangu haijakamilika hata kuwa hoja. Maisha yangu yote niliwafundisha vijana kwamba usahihi ni wema, tena nilisema bila kufafanua, mimi nipendaye kufafanua. Mtu aliyelilainisha lile ganda la Tongaren alikuwa sahihi. Wewe pia ni sahihi. Mimi nilipokosea ndipo nilipokaribia kukudhuru, na niliposahihisha nikakuweka salama. Basi nieleze, mama, kwa maana mimi nimezeeka nikilizunguka jambo hili: je, usahihi una wema wake wenyewe, au wema wote tulioupenda benchini tuliuazima kutoka kwa kile tulichokuwa tunakitengeneza?

Ni mimi baba yako,
Wakoli Barasa